Nilipeleka Manzi Yangu Jamhuri Kuona Nduthi Zikipaa, na Hii Ndiyo Rada Yote ya Motokrosi

Wadau, wacha nianze na ukweli. Hii deti haikuwa ya mapenzi. Ilikuwa ya biashara.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiweka ganji pole pole ya dipositi ya nduthi. Chuo niliacha mwaka wa pili ju karo ilikataa kuingia, saa hii naandika stori kama hizi, na mnajua kuandika kunalipa vile kunalipa. Mpango wangu ni rahisi: mchana naandika, jioni napelekea watu chakula na vifurushi. Nduthi ya mkopo, unaweka dipositi, zingine unalipa kila siku. Hesabu nimeifanya mara mia na inaingiana.

Shida ni manzi yangu. Yeye ni nesi, na amewekwa wodi ya mifupa. Mimi humuita Sista hata tukiwa kwa keja. Kila siku anaona miguu imefungwa vyuma, na akiuliza mgonjwa ilikuwaje, jibu huwa lile lile: nduthi. Siku nilimwambia kuhusu hiyo dipositi hakupiga kelele. Alisema tu, "Beb, nunua. Lakini siku utaletwa kwangu ukiwa umekunjwa nyuma ya Probox, usiniite jina." Akaendelea kukatakata sukuma.

Hapo ndio nikapata wazo la Jamhuri. Nikajiambia, huyu ameona nduthi upande wa hospitali pekee. Akiona watu wanaoziendesha kwa ufundi, tena kwa raha, huenda moyo ukalainika. Nikamdanganya tunaenda pikiniki.

Kama hujawahi kwenda, uwanja wa magari na pikipiki wa Jamhuri uko upande wa Ngong Road, jirani ya Showground, pale wazae walikuwa wanatupeleka kuona ng'ombe wakubwa na kununuliwa sukari ya pamba. Unapanda matatu za Ngong Road, unashuka, unamalizia na miguu ama na boda. Sista alikataa boda. Tulitembea, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vya kahawia kabla hatujafika getini. Usivae nyeupe Jamhuri. Hilo vumbi ni jekundu na halina adabu.

Cha kwanza kitakupiga ni sauti. Nduthi ya mtaani inanguruma, hizi zinalia kama msumeno umekasirishwa. Cha pili ni harufu. Zile ndogo nyingi ni injini za stroki mbili, yaani oili inachanganywa na petroli na vyote vinachomeka pamoja, ndio maana unapata ule moshi wa bluu na harufu tamu hivi. Zile kubwa za stroki nne zina mlio mzito, unausikia kwa kifua kabla ya masikio.

Sasa, watu wengi wakisikia mashindano ya pikipiki wanafikiria MotoGP, wale jamaa wa lami wanaolala kwa kona mpaka kiwiko kinagusa chini. Huo ni mchezo mwingine kabisa. Kule ni kasi ya kutisha: Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello, Italia, mwaka 2023. Kenya hatuna sakiti ya lami ya kiwango hicho, na mara ya mwisho mbio hizo za dunia kuja Afrika ilikuwa Welkom, Afrika Kusini, mwaka 2004, siku Valentino Rossi alishinda mbio yake ya kwanza akiwa na Yamaha. Sisi yetu ni ya udongo. Motokrosi. Hii ilianzia Uingereza miaka ya 1920, watu wakishindana kwa vilima na matope, na mpaka leo haijabadilika sana: vilima, matope, na mtu anayeamini hatakufa.

Kasi yenyewe si kubwa vile unadhani. Hata mashindano ya dunia, wastani wa mzunguko mmoja unacheza kama kilomita 50 na kitu kwa saa. Matatu ya Thika Road inakupita asubuhi na mapema. Tofauti ni kwamba matatu haipai hewani. (Zingine hujaribu.)

Watoi wamevaa kukuliko

Tulikuta wanaanza na watoto. Na simaanishi vijana wa form one. Namaanisha watoi ambao bado meno ya mbele hayajaota. Nduthi za 50cc hazina klachi, ni otomatiki, kazi ya mtoto ni kushikilia, kubana breki na kusukuma petroli. Akikua anapanda 65, halafu 85, halafu 125, mpaka afike kwa zile za wakubwa za 250 na 450. Kila daraja linatoka kivyake, na kwa siku linatoka zaidi ya mara moja, halafu pointi zinajumlishwa. Kwa mashindano ya dunia, wa kwanza anapata 25, wa pili 22, wa tatu 20, inashuka hivyo mpaka wa ishirini anapata moja. Ndio maana unaweza kupata msee hajashinda mbio hata moja siku hiyo na bado anabeba kombe, ju alimaliza wa pili kila mara wakati wengine walikuwa wanabingirika.

Sista hakuwa anaangalia pointi. Alikuwa anaangalia mtoi mmoja akivalishwa na babake. Nikamuona anahesabu na vidole.

"Helmeti ya kufunika mpaka kidevu," akasema. "Miwani. Hiyo ya shingo. Kifua na mgongo. Viwiko. Glavu. Magoti. Buti mpaka karibu na goti." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa unataka kubeba pizza na nini?"

Nikasema koti la jeans.

Hakunijibu. Lakini hapo ndipo deti ilibadilika, ju badala ya mimi kumfundisha, yeye ndiye akaanza kunifundisha. Hiyo kola ngumu wanavaa shingoni, chini ya helmeti, kazi yake ni kuzuia kichwa kisipinde kupita kiasi ukianguka na kichwa. Zile buti si za luku, zina plastiki ngumu pande zote ju mguu ukinaswa chini ya nduthi ndio kifundo kinageuzwa kama kufungua soda. Na helmeti ina kidevu kirefu mbele kwa sababu mtu akirushwa, mara nyingi anatua na uso. "Wale wangu wa wodini wenye taya zimevunjika," akasema, "wengine walikuwa na helmeti. Ile ya nusu, ya kufurahisha askari."

Hiyo iliniingia. Sheria ya Trafiki inasema rider na abiria wote wawe na helmeti na jaketi la kung'aa, na abiria awe mmoja. Sasa niambie mara ya mwisho boda alikupa helmeti ni lini, na kama alikupa, ilikuwa inanuka kichwa cha nani. Mimi mwenyewe huwa naikataa. Nasema itaharibu nywele.

Zenyewe hizi nduthi ni za aina gani

Usidhani ni Boxer imevuliwa nguo. Niliangalia kwa ukaribu pale watu wanapoegesha, ju uzuri wa Jamhuri ni kwamba wewe mtu wa kawaida unaweza kutembea karibu na mafundi ukaona wakikaza nati. Nduthi ya motokrosi haina taa. Haina kioo cha pembeni. Haina ile saa ya kuonyesha spidi, haina namba ya gari, haina hata ile stendi ya kuegemeza, ndio maana ikisimama inawekwa juu ya kiti cha chuma. Chochote ambacho hakisaidii kwenda mbele kimetolewa ili iwe nyepesi. Halafu angalia nguvu: 450 ya mashindano ina zaidi ya hospawa 50. Boxer ya 150 inayokubeba na gunia la viazi ina kama 12. Na uzito hazipishani sana. Kwa hivyo mtu akikuambia "mimi ni rider wa miaka kumi, nipe hiyo nijaribu", mwambie atulie. Akifungua petroli vile amezoea, nduthi itaenda na yeye atabaki.

Rangi nazo ni kama jezi za timu: machungwa ni KTM, bluu ni Yamaha, nyekundu Honda, kijani Kawasaki. Ukijua hizo nne, unaweza kukaa na watu wa hii mambo ukakohoa kama mjuaji.

Siri kubwa iko kwa shoki. Magurudumu yanaweza kupanda na kushuka kama sentimita 30 hivi, ile urefu wa rula ya shule. Ndio maana unaona mtu anaruka juu ya watu, anatua, na mgongo haujatokea kwa shingo. Lakini shoki peke yake haitoshi. Angalia venye kilima kimejengwa: kina upande wa kurukia na upande wa kutulia unaoteremka. Ukitua kwa mteremko, nguvu inateleza na wewe. Ukitua palipo tambarare, nguvu yote inaingia kwa mwili. Kuna kuruka fupi, unagonga ncha ya kilima kabla hujavuka, na kuna kuruka ndefu, unapitiliza mteremko wote. Zote mbili zinauma. Kwa hivyo rider mzuri si yule anaruka juu zaidi, ni yule anatua palipo sawa na kufungua petroli mara moja.

Kitu kingine kilinishangaza: wakiwa hewani wanaendesha bado. Pua ya nduthi ikiinama, wanaongeza petroli na gurudumu la nyuma likizunguka haraka pua inapanda. Ikipanda sana wanakanyaga breki ya nyuma, pua inashuka. Hakuna barabara chini, na mtu anapiga breki. Na karibu muda wote wamesimama, hawajakaa. Magoti yamebana tangi, miguu inafanya kazi ya shoki ya pili. Ndio maana ukiwaona wakitoa helmeti wanatoa mvuke kama githeri. Mikono hukaza mpaka vidole vinakataa kushika breki.

Mwanzo ndio tamu kuliko yote. Wanapangwa mstari mmoja nyuma ya geti la chuma linaloangukia nyuma, upande wao, kwa hivyo ukitaka kuiba mwanzo unalipanda na kukwama. Likianguka wote wanaondoka pamoja, na kona ya kwanza ni nyembamba kuliko idadi yao. Anayefika hapo wa kwanza ana faida moja kubwa sana: anaona. Wengine wote wanakula udongo wake. Ndio maana miwani yao ina karatasi nyembamba za plastiki zimepangwa juu ya kioo, akichafuka anachomoa moja na kutupa, anachomoa nyingine. Ukiona kitu kinapepea nyuma ya msee kama risiti, ni hiyo.

Bendera, na ile sekunde watu wote walinyamaza

Nilikuwa nimemwambia Sista kuhusu bendera asubuhi nikijifanya mjuaji. Kandokando ya njia kuna wasimamizi, kila mmoja na eneo lake. Ya manjano ikipungwa, kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu na usiruke. Ya bluu ni ya kukuambia kuna mtu wa mbele anakuja kukuzunguka, mpishe. Nyekundu, mbio imesimama. Nyeupe yenye msalaba mwekundu maana yake watu wa matibabu wako njiani, kwa hivyo hapo unapita pole pole magurudumu yakigusa ardhi. Ya vibokisi vyeusi na vyeupe unaijua.

Alasiri hivi, mbio ya wakubwa, jamaa mmoja wa nduthi ya bluu akaruka kilima kilichokuwa mbele yetu. Akaenda mrefu. Nduthi ikageuka hewani, yeye upande huu na nduthi upande ule, akatua na bega. Hakuinuka.

Watu wote wakanyamaza. Mimi nilikuwa na chipo mdomoni, nikaacha kutafuna. Sista alikuwa tayari amesimama, mkoba umeanguka, anatafuta pa kupita kwa uzio. Sidhani hata alijua amesimama.

Bendera ya manjano ilikuwa juu kabla sijameza. Msimamizi akakimbia akasimama upande wanakotokea wengine, akawapungia. Halafu ile ya msalaba. Wote waliofuata wakapita kile kilima polepole kama wanapita bampu, hakuna aliyeruka, hata wale waliokuwa wanafukuzana. Watu wawili wa matibabu wakafika. Mmoja akapiga magoti kichwani mwake, akashika helmeti kwa mikono miwili, akatulia hivyo. Mwingine akawa anaongea naye, anamgusa vidole, anamgusa miguu. Hakuna aliyemvuta mkono. Hakuna aliyemmwagia maji. Hakuna aliyesema "simama buda, uko sawa".

"Umeona?" Sista akaninong'onezea. Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo. "Umeona amemshika kichwa?"

Akanieleza tukiwa bado tumesimama. Mtu akianguka na nduthi, usimvute, usimkalishe, usimtoe helmeti kama anapumua, ju kama shingo imepata ufa, ule mpindo mdogo wa wewe kumsaidia ndio unakata kamba ya mgongo. Zuia magari kwanza usigongwe na wewe. Mshike kichwa kisigeuke. Kama kuna damu inatoka, kandamiza na kitambaa safi, usiachilie. Piga 999 ama 112. Kumtoa helmeti ni pale tu hapumui, na inataka watu wawili, mmoja anashika shingo na mwingine anavuta pole pole. "Sisi watu wa mtaani," akasema, "tuna roho nzuri sana. Tunamkunja mtu kwa Probox tunakimbiza. Nimepokea mmoja alikuwa anasogeza miguu alipoanguka, wenzake ndio waliniambia. Alipofika kwangu alikuwa hasogezi." Hakuwa amewahi kuniambia hiyo. Tuko pamoja mwaka wa tatu.

Yule jamaa waliishia kumwinua kwa ubao, na kabla hawajafika mbali akatoa mkono mmoja akatupungia. Watu wakapiga makofi. Sista akasema kwa vile alikuwa ameshikilia ule mwingine, huo ni mtulinga, ule mfupa wa kutoka shingoni kwenda begani, ndio huvunjika sana kwa watu wa kuanguka hivyo. Wiki kadhaa anarudi. Alikuwa karibu anatabasamu. "Angekuwa na koti la jeans," akasema, na akaacha hapo.

Mbio ikaendelea. Tukanunua soda. Ikaja daraja lenye msichana mmoja, nywele zimetoka nyuma ya helmeti, na akaanza kupita wavulana mmoja mmoja kwa kona za ndani. Sista alipiga mbinja. Sikuwa najua anaweza kupiga mbinja. Nikamwambia huko duniani kuna Kiara Fontanesi wa Italia amebeba ubingwa wa wanawake mara sita. Akasema, "Mbona hukuanza na hiyo?"

Wale mnaopanga kwenda, haya ya haraka: bebeni maji na kofia, kivuli ni kidogo. Bebeni kitu cha kuziba masikio kama mna mtoto. Kaeni karibu na kona baada ya kilima kikubwa, si kwa geti, ju mwanzo ni sekunde kumi na kona ni siku nzima. Na msivuke uzio kupiga picha. Hii si Safari Rally Vasha pale watu wanaenda kwa ajili ya sherehe na gari wanaliona kwa simu ya jirani. Hapa nduthi inapita umbali wa meza, na ikikosa njia haina mlango wa kuizuia.

Kurudi tulipanda matatu. Sista alikuwa kimya mpaka karibu tufike tao, halafu akatoa simu akaanza kuandika. Nilichungulia. Helmeti ya kufunika uso mzima. Buti. Glavu. Magoti. Jaketi la kung'aa, si la kukopa. Hakuna kuendesha mvua ikinyesha. Hakuna kubeba abiria. Saa tatu usiku uwe nyumbani.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo umekubali?"

"Sijakubali. Naandika bei."

Wah. Ile bei, mabuda. Jumatatu nilizunguka maduka ya spea Kirinyaga Road na hiyo listi, kila duka nikiuliza, na nikajumlisha. Ilikula nusu ya dipositi, na hapo buti ni zile za kawaida, si za motokrosi. Hesabu yangu ya mara mia ilikuwa na kila kitu: petroli, oili, mkopo wa kila siku, mpaka kitu kidogo cha kukula jioni. Mwili wangu ndio haukuwa kwa hesabu.

Hivyo nduthi imesukumwa mpaka mwaka uishe, kama stori zitalipa. Nilinunua helmeti. Kisha Sista akaniuliza, na siku nitamtoa kazini na mvua haijaanza, yeye atavaa nini, ju yeye si abiria, yeye ni yeye. Nikarudi Kirinyaga Road. Saa hii ziko mbili zimetundikwa msumarini nyuma ya mlango, nyeusi na nyekundu, na mlinzi wa ploti ameniuliza mara mbili nimeegesha wapi.